Ubingwa wa Mezani

Wanaoijua nchi ya Subirani husema hakuna nchi yenye amani kuizidi, kwa sababu kila mwananchi wake anasubiri kitu, na mtu anayesubiri hana nafasi ya kugombana. Wanaosubiri maji wanasubiri maji. Wanaosubiri barabara wanasubiri barabara, na watoto wao wamekwisha kuonyeshwa mahali pa kusimama wakiisubiri. Kitu kimoja tu hakikusubiriwa katika nchi hiyo, nacho ni mpira wa miguu. Kila Jumamosi alasiri refa alipuliza kipyenga, na watu wazima wakaanza kukimbia bila kungoja kibali cha mtu. Wakubwa waliuvumilia utovu huo wa adabu kwa miaka mingi, na kwa hilo wanastahili sifa.

Basi katika nchi hiyo, kwenye mji wa Majabali ambako watu huishi kwa kuvunja mawe, alikuwepo mama mjane aitwaye Sikudhani Mbelwa. Alikuwa na mashine ya kusaga nafaka nyuma ya goli la uwanja wa mji. Uenyekiti wa klabu ya Kokoto hakuutafuta. Alikwenda kwenye mkutano wa klabu kulalamika kwamba mipira inaanguka juu ya bati lake na kutisha wateja. Alipofika akakuta mwenyekiti amejiuzulu asubuhi ile ile na wanachama wanatazamana kama watu waliosahauliwa kituoni. Yeye hakujali. Akasema ya kwake, akawakaripia vijana, akawakaripia wazee, akalikaripia na bati lenyewe, mpaka koo likamkauka.

"Huyu ndiye," sauti ikasema kutoka nyuma.

Akatoka pale akiwa mwenyekiti. Mipira ikaendelea kuanguka juu ya bati.

Uwanja wa Majabali haukuwa na nyasi. Zamani pale palikuwa na mwamba. Wavunja mawe wa kizazi kilichopita walikuwa wakitoka machimboni jioni, wanapita kwenye ule mwamba na kuutwanga kwa nyundo mpaka giza linaingia, na walipoushinda wakaufunika kwa udongo mwekundu. Wachezaji wa timu ngeni wakirudi kwao baada ya kucheza pale, wake zao walilia wakiwaona magoti. Lakini kwa watu wa Majabali ndipo walipooana, ndipo walipoagia maiti zao, na ndipo walipogombania siasa zilipokuwa bado zinagombaniwa.

Msimu ninaousimulia, jambo lisilokuwemo katika mpango wowote wa maendeleo likatokea: Kokoto wakaongoza ligi. Walipoanza kuongoza, Shirikisho la Mpira likatangaza kwamba msimamo wa ligi unafanyiwa uhakiki. Uhakiki ulipokwisha, Kokoto bado walikuwa juu, na wahakiki wakahamishiwa mchezo wa mpira wa wavu. Ikabaki mechi moja. Ingechezwa Majabali, dhidi ya Majemedari wa Mji Mkuu, timu iliyozoea ubingwa kama mtu alivyozoea kiti chake cha sebuleni. Sare tu ingewatosha Kokoto.

Kipa na nahodha wao alikuwa Lugendo Matinde, mvunja mawe mrefu mwenye viganja kama sinia. Kwa mujibu wa kitambulisho chake cha ligi, Lugendo alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alikuwa nayo kwa muda mrefu sana. Mwanawe wa kwanza alikuwa anamkaribia. Magoti yalikuwa yakimlilia kila alfajiri, na yeye mwenyewe alijua hakutakuwa na msimu mwingine.

"Mama Mwenyekiti," alimwambia Sikudhani siku moja mashineni, akimsaidia kubeba gunia, "mimi sijawahi kushika chochote maishani isipokuwa nyundo na mpira. Nikilishika lile kombe mara moja tu, nitastaafu nikicheka."

"Utalishika, baba," Sikudhani akamjibu. "Kazi yako ni langoni. Ya ofisini niachie mimi."

Alisema hivyo kwa sababu alidhani anazijua ofisi.

*

Wiki hiyo hiyo Shirikisho likaitisha mkutano mkuu wa dharura katika hoteli kubwa ya Mji Mkuu. Ajenda ilikuwa moja: Mustakabali wa Ligi Kiutawala na Kifedha. Wenyeviti wote walialikwa, na kila mmoja alipewa begi lenye kofia, fulana na mwavuli ulioandikwa MUSTAKABALI, ingawa ilikuwa kiangazi.

Rais wa Shirikisho, Mheshimiwa Dakta Zablon Kitundu, alipanda jukwaani akishangiliwa. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, aina ya sauti inayomfanya mtu aombe radhi kabla hajajua kosa lake. Pembeni yake aliketi Mwekezaji. Jina la Mwekezaji halikutajwa kwa sababu za kiusalama, wala hakusema neno, bali alitabasamu muda wote, na kila alipotabasamu wajumbe nao walitabasamu.

"Ndugu wajumbe," Dakta Kitundu akaanza, "ligi yetu inaumwa. Niliikuta inaumwa, na kwa miaka yote hii nimeisimamia kwa uangalifu mkubwa isije ikapona kiholela."

Makofi.

"Sasa tumepata mwenzetu mwenye moyo wa kutusaidia. Lakini huwezi kumkaribisha mgeni kwenye nyumba inayovuja. Nikaita wataalamu. Wakaipima ligi yetu kwa vipimo vya kisasa, wakatafuta chanzo cha hasara yote, wakakipata." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Chanzo ni mechi."

Ukumbi ukashusha pumzi, kama familia iliyoambiwa ugonjwa wa mzee.

"Mechi inakula mafuta ya basi. Mechi inakula mipira. Mechi inavunja watu miguu, na hakuna mdhamini duniani aliyefaidika na mguu uliovunjika. Na kibaya kuliko vyote, ndugu zangu, mechi haitabiriki! Mtu anaweka fedha zake, halafu anaambiwa akae dakika tisini ndipo ajue kilichotokea. Mwekezaji gani mwenye akili timamu atalikubali hilo?"

Mwekezaji akatabasamu kwa huzuni.

"Nawauliza sasa. Tangu ligi yetu ianzishwe, ni pointi zipi ambazo hazijawahi kutugharimu hata tone la jasho?"

"Za mezani!" wajumbe wakaitikia kwa furaha, kwa kuwa hakukuwa na hata mmoja ambaye hakuwahi kuzila.

"Za mezani," Dakta akarudia kwa sauti ya kubembeleza. "Basi kwa nini tuendelee kuzipata kwa bahati bahati, timu ikichelewa au jezi zikifanana? Napendekeza kuanzia sasa pointi zote ziwe za mezani. Ligi yote ihamie mezani."

Makofi yakapigwa mpaka taa zikatikisika. Sikudhani akatazama kushoto, akatazama kulia, akangoja mtu acheke. Alipoona hakuna anayecheka, akanyosha mkono.

"Mheshimiwa Rais, mimi ni Mbelwa wa Kokoto. Naomba kuuliza. Wachezaji watafanya nini?"

"Swali zuri sana, mama. Watakuwa wachezaji."

"Watacheza wapi?"

"Usichanganye mchezaji na kucheza, mama yangu. Mimi ni daktari. Umewahi kuniona na sindano?"

Wajumbe wakacheka kwa heshima.

"Na watazamaji? Watu wangu wanatembea kwa miguu kutoka machimboni kuja kutazama. Watatazama nini?"

"Watatazama matokeo," Dakta akasema. "Kwa miaka yote hii mmewachosha watazamaji kwa kuwapitisha kwenye mechi kabla ya matokeo. Sasa watayapata moja kwa moja, yakiwa bado moto."

"Lakini mechi yetu moja imebaki! Tunaongoza! Tumalizeni huo msimu kwanza, Mheshimiwa, ndipo muuhamishe huo mpira mnakotaka!"

"Hoja yako ni nzuri, na imepokelewa," Dakta akasema, akamtajia karani kitu ambacho karani hakukiandika. "Tupige kura sasa, maana chakula kinapoa. Wanaokubali, waelekee chumba cha chakula. Wanaokataa, wabaki humu wahesabiwe."

Harufu ya pilau ilikuwa imekwisha kuingia ukumbini zamani. Wenyeviti walitoka kwa wingi uliotosha kubadilisha katiba ya nchi yoyote. Wengine walimtazama Sikudhani kwa jicho la pole wakipita, na mwenyekiti mmoja akamnong'oneza, "Nipo pamoja nawe, dada," akaongeza mwendo.

Sikudhani akabaki peke yake katikati ya viti. Alikaa wima, begi la mwavuli mapajani, akingoja kuhesabiwa. Lakini karani wa kuhesabu alikuwa anakula. Waliporudi wakijipangusa midomo, Dakta Kitundu akatangaza kwamba azimio limepita kwa kauli moja, kwa kuwa kura za kukataa hazikuwasilishwa mezani kwa wakati.

*

Kule Majabali habari ilipofika, watu hawakuielewa, na si kwa ujinga. Sikudhani aliieleza mara ya kwanza wakadhani amechoka na safari. Alipoieleza mara ya pili, wachezaji waliokuwa wamekaa chini karibu na goli wakamgeukia nahodha wao.

"Kwa hiyo mama," Lugendo akasema polepole, "Majemedari hawaji."

"Hawaji. Sisi ndio tunakwenda. Mimi nitakaa upande huu wa meza, wakili wao atakaa upande ule. Tutazungumza. Refa ataamua nani kashinda."

"Na mimi nitadaka nini?"

 Sikudhani akaangalia vile viganja, vimelala mapajani mwa mwenyewe kama wanyama wawili walioachishwa kazi.

Siku zilizofuata Shirikisho likawatangazia wachezaji wote wa nchi kuwa sasa wao ni rasilimali tulivu, na kwamba mazoezi yoyote yatahesabiwa kuwa ni uchochezi. Vijana wengi wa Kokoto wakarudi machimboni. Lugendo hakutii. Kila jioni alipiga mpira ukutani mwa mashine, akaufuata, akaudaka, akapiga tena. Mpira ukipaa ukaangukia bati, kishindo kikasikika mji mzima, na Sikudhani ndani ya mashine alishtuka kujikuta halalamiki. Alizima injini ili aweze kukisikia vizuri.

Kisha akaanza mazoezi ya kwake. Mchana wateja walipokuwa wachache alisimama mbele ya magunia akayahutubia. Wachezaji wawili watatu wakaja kumsikiliza, wakamwelekeza: mama, usimwache wakili akuvutie pembeni; mama, ukipata nafasi usipigepige chenga, piga golini. Polepole akaanza kuona kwamba labda inawezekana. Yeye kusema alikuwa anajua. Kama ubingwa sasa ni wa maneno, basi atakwenda kuwaletea kwa maneno. Wakati mwingine mtu asiye na njia huipenda njia mbaya kwa sababu ndiyo iliyopo, na Sikudhani akajikuta usiku anatabasamu gizani akiwaza hoja zake.

"Nitakwenda nawe," Lugendo akamwambia.

"Hawatakuruhusu, baba."

Lakini walimruhusu. Kanuni mpya zilimpa kila mwenyekiti haki ya kuleta mchezaji mmoja kama kielelezo.

*

Mechi ilifanyika katika hoteli ile ile. Meza ndefu ilitandikwa kitambaa cha kijani, mistari ikachorwa kwa chaki. Waamuzi wasaidizi wawili walisimama kila upande na vibendera, tayari kuviinua hoja ikivuka mstari au mtu akiotea, yaani akijibu kabla mwenzake hajamaliza kuwaza. Wimbo wa taifa ulipigwa, watu wa usalama wakasalimiana. Nje, mashabiki walinunua tiketi za kusimama kwenye maegesho ya magari, wakawa wanalitazama dirisha la ukumbi, ambalo pazia lake lilikuwa limefungwa ili kulinda haki za matangazo.

Lugendo aliketishwa kwenye kiti cha pembeni. Alikuwa amevaa jezi, soksi, daluga na glavu. Alizipiga pasi zote yeye mwenyewe isipokuwa glavu na daluga.

Kwa upande wa Majemedari aliketi Wakili Msomi Tarimbo, mwembamba, suti ya kijivu, mtu ambaye ilisemwa hajawahi kushindwa. Refa akapuliza kipyenga.

Sikudhani akaanza kwa sauti ya chini. Akasema juu ya vijana wanaotoka machimboni na vumbi kopeni wakaenda moja kwa moja mazoezini. Akasema juu ya mechi walizoshinda mvuani. Sauti yake ikapata miguu. Akausimulia msimu mzima, akainuka kwenye kiti bila kujijua, na watu ukumbini waliokuwa wakisinzia wakafumbua macho.

Wakili Tarimbo akajikohoza. "Mteja wangu anakiri," akasema, "kwamba Kokoto walicheza vizuri kuliko sisi."

Refa akatazama kanuni zake, akanyosha mkono kati. Goli!

Nje kukalipuka kelele baada ya spika kutangaza.  Sikudhani akajaribu hoja nyingine, ya kawaida tu, na Tarimbo akaidokoa kidogo, akaiachia ipite katikati ya miguu.

"Naongeza," akasema wakili, "kwamba kocha wetu hajui kazi."

Goli la pili. Mapumziko. Wakaletewa machungwa.

Kipindi cha pili ndipo lilipotokea tukio ambalo hata leo Shirikisho linalizungumzia kwa masikitiko. Wakili alirusha mkono akisisitiza jambo, glasi ya maji ikapigwa, ikaruka kuelekea ukingo wa meza. Kabla mtu hajapiga ukope, Lugendo alikuwa hewani. Aliruka kutoka kitini mzima mzima, akajinyosha, akaidaka ile glasi kwa mkono mmoja shubiri moja kutoka sakafuni, akajiviringisha nayo kifuani. Maji kidogo tu yalimwagika.

Ukumbi ukasahau adabu. Wahudumu waliangusha sinia, wajumbe wakasimama, hata mshika kibendera mmoja akapiga yowe. Sikudhani akalia palepale machozi ya furaha, maana katika siku nzima kile ndicho kitu cha kwanza alichokiona kikitokea kweli.

Refa akangoja kelele zitulie. Kisha akachomoa kadi nyekundu.

"Kosa gani?" Sikudhani akapiga kelele. "Amekosa nini?"

"Kucheza," refa akajibu.

Lugendo akaiweka glasi mezani taratibu, akainamisha kichwa, akatoka. Walimpeleka kwenye maegesho, akasimama na mashabiki, akatazama pazia.

Kipyenga cha mwisho kilipolia, Kokoto walikuwa mabingwa wa Subirani. Wageni waheshimiwa walimbeba Sikudhani juu juu, kanga ikimponyoka, akiomba ateremshwe. Wakamvika medali. Wakamtangaza kuwa mfungaji bora wa msimu. Kisha Dakta Kitundu akapanda jukwaani, kombe mkononi, Mwekezaji kando yake.

"Leo," akasema, "mfumo wetu umejibu wabishi. Walisema ligi ya mezani ni ya wakubwa. Tazameni! Mji mdogo, watu wanyonge, mama mjane, bingwa! Na sasa nina heshima ya kutangaza kwamba bingwa wetu wa kwanza ndiye atakayepata fursa ya kwanza. Kwa mujibu wa makubaliano yetu na mwenzetu huyu, bingwa hahitaji tena uwanja, kwa kuwa ameushinda. Uwanja wa bingwa unakabidhiwa kwa Mwekezaji, na hapo utajengwa Ukumbi wa kwanza wa Mechi za Mezani katika ukanda wetu wote!"

Makofi yalikuwa mazito kiasi kwamba Sikudhani hakujua amesimama.

"Sikubali," akasema. "Hamkuniambia hilo! Lichukueni kombe lenu. Mpeni Majemedari."

"Mama, kombe halirudishwi hivi hivi," Dakta akamweleza kwa upole ule ule. "Kuna utaratibu. Kukataa ubingwa ni suala linalosikilizwa na Kamati ya Mabingwa."

"Iko wapi hiyo kamati? Niitieni sasa hivi."

"Inaundwa na mabingwa wote waliopatikana chini ya mfumo mpya. Kwa sasa ni wewe peke yako. Na kikao hakiwezi kufanyika bila wajumbe watatu. Misimu miwili tu, mama. Vumilia."

Alipokuwa akishuka ngazi, Wakili Tarimbo alimfikia, akampa mkono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi aliyolipwa na hakuipenda.

"Umecheza vizuri, mama. Nasema kweli."

"Ulikuwa unajua, mwanangu?"

"Uwanja wa mteja wangu una nyasi na taa," akasema, macho chini. "Waliniambia nikishinda tu, nitafute kazi nyingine." Akainua macho. "Kuna wakati ulinikaba hasa. Pale uliposema habari za mvua. Pale ningekufunga kwa shida."

Akaenda zake.

*

Katika basi la kurudi Majabali, Lugendo alikaa na kombe mapajani. Sikudhani alikuwa amemwambia kila kitu.  Lugendo alilizungusha, akachungulia ndani, akalifuta alama za vidole vyake mwenyewe. Mji ulipokaribia akasema neno moja tu: "Zito."

Majabali yote ilikuwa uwanjani. Machimbo yalifungwa. Wanawake walikuwa wamejipaka unga nyusoni, wanaume wamepanda juu ya mwamba uliosalia nyuma ya goli, ngoma zinalia. Walipomwona Lugendo akishuka na kombe, ardhi ikatetemeka. Wakamnyanyua Sikudhani wakamsimamisha juu ya pipa katikati ya uwanja.

Akanyosha mkono wanyamaze. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Angewaambia ukweli wote, na wote pamoja wangejua la kufanya.

"Ndugu zangu," akasema, "uwanja..."

"Uwanjaaa!" umati ukaitikia, ukipiga miguu chini, udongo mwekundu ukapanda mpaka magotini.

"Nisikilizeni! Huu uwanja wetu..."

"Wetuuu!"

Wakafanya wimbo palepale. Alijaribu tena, wakaimba tena. Kila neno alilorusha lilirudi likiwa shangwe. Mwishowe wakatulia wenyewe kwa kuchoka, na mwanamke mmoja aliyekuwa mbele, muuza chai wa machimboni, akamwuliza kwa sauti iliyojaa njaa ya habari:

"Mama, tusimulie. Mechi ilikuwaje? Nani alifunga?"

 Maelfu ya macho. Sikudhani akafungua kinywa, na ukweli ukawa pale, juu ya ulimi. Akawaona wale vijana wa timu wamesimama pamoja pembeni, nao wanamngoja, nao wanataka kujua walichofanya.

"La kwanza," akasema, "ni krosi kutoka kulia."

Ukapigwa ukelele ambao haujasikika tena Majabali. Akaendelea. Hakuweza kuacha. Akawapa goli la kichwa, akawapa shuti la mbali lililogonga mwamba na kuzama. Kila mchezaji aliyetajwa alirushwa juu na jirani zake, akashuka akicheka, ameduwaa.

"Na Lugendo?" wakauliza. "Lugendo alidaka?"

Lugendo alikuwa chini ya pipa. Akainua uso akamtazama.

"Dakika za mwisho," Sikudhani akasema, "wakapata penalti. Akaruka akaipangua kwa mkono mmoja, shubiri moja kutoka chini."

Wakamchukua Lugendo wakamzungusha uwanja mzima mikononi mwao, kombe kifuani pake, mpaka jua likazama.

Magari ya Mwekezaji yalifika baada ya siku chache. Sikudhani akazunguka nyumba kwa nyumba akieleza sasa, bila pipa wala ngoma, na watu wakamsikiliza kwa heshima. Walisema haiwezekani mtu akawa bingwa akanyang'anywa. Lazima kuna jambo zuri nyuma yake. Wakangoja kuliona. Uzio wa mabati ukapanda. Alikwenda wilaya, wakampeleka mkoa, mkoa wakampongeza kwa ubingwa. Aliandika kwa Shirikisho, wakamjibu kwamba malalamiko yote yanayohusu ukumbi yatasikilizwa ukumbini, utakapokamilika.

Ujenzi ulihitaji mawe mengi, na neema ikamwagika Majabali: wavunja mawe wote wakapata kibarua. Timu nzima ya Kokoto ikaajiriwa. Walikaa kwa safu ndani ya uzio, wakivunja kokoto za kumwagia msingi, tangu goli la huku mpaka goli la kule.

Jioni moja Lugendo alipita mashineni akitoka kazini, amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Sikudhani akamvutia kigoda, akampa maji. Akanywa yote.  Wakakaa wakisikiliza mitambo upande wa pili wa ukuta, ambako msingi ulikuwa umeshafika kwenye eneo la hatari.

"Mama," Lugendo akasema hatimaye, "ile penalti niliifuata upande gani?"

Sikudhani akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Kulia kwako, baba."

Lugendo akaitikia kwa kichwa taratibu, akautazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua.

"Ndivyo nilivyodhani," akasema. Akashukuru kwa maji, akachukua nyundo yake, akaenda nyumbani.